Koleo la Chipsi

Wajukuu zangu, kisa cha leo hakina sungura wala fisi. Kina msichana wa kweli, Sabrina Shannon, wa jimbo la Ontario huko Kanada. Mwili wake haukupatana na maziwa, karanga wala soya. Alikuwa na mzio.

Ndani ya kila mmoja wetu mna kinga inayopambana na vijidudu vya maradhi. Kwa mwenye mzio, kinga hiyo ni kama mlinzi anayemwona mgeni mwema akadhani ni mwizi, akapiga yowe mtaa mzima ukaamka. Midomo inavimba, ngozi inawasha, tumbo linasokota, koo linabana. Hali hiyo ikizidi, madaktari huiita anafilaksia. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini, tena upesi.

Sabrina aliyajua hayo. Akiwa bado mdogo alitengeneza hata kipindi cha redio kuhusu maisha ya mtoto mwenye mzio. Mwaka 2003, akiwa na miaka 13, alinunua chipsi kantini ya shule. Chipsi tupu! Lakini kantini hiyo iliuza pia chipsi za kumwagiwa mchuzi na vipande vya jibini, chakula kinachopendwa sana Kanada. Inaaminika kuwa koleo lililogusa jibini ndilo lililochota chipsi zake. Kifua kilipombana alidhani ni pumu, maana nayo alikuwa nayo. Sindano ilikuwa kabatini, mbali naye. Wakati inafika, muda ulikuwa umekwenda. Sabrina alifariki.

Mama yake hakunyamaza. Mwaka 2005 bunge la Ontario likapitisha Sheria ya Sabrina, ikaanza kutumika Januari 2006. Msidhani sheria hiyo ilipiga marufuku karanga. Inataka kila mwanafunzi aliye katika hatari ya anafilaksia awe na mpango wake ulioandikwa, walimu wafunzwe mara kwa mara, na shule ipunguze hatari.

Ndiyo maana shule nyingi za huko huomba siku ya kuzaliwa isherehekewe kwa penseli au mchezo, si keki ya nyumbani. Najua mnanuna! Sisi tumelelewa kwamba mtoto mwema hamnyimi mwenzake, na mwenye kashata humega. Megeni, lakini ulizeni kwanza. Anayeikataa kashata yako haringi, wala usimfuate na kipande "kidogo tu." Koleo halikubeba hata kipande.

Na mwenye mzio akianza kuvimba au kukosa pumzi? Usimwache peke yake, hata akisema anakwenda chooni tu. Abaki hapo hapo. Wewe piga kelele aje mwalimu, mwingine akimbilie sindano. Huchomwa pajani, hata juu ya nguo, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama ameanza kutabasamu.