Baada ya Kuacha Sindano, Vidonge au Kijiti: Njia za Asili za Kupanga Uzazi na Masharti Yake

Wapo wanawake katika kata zetu, kuanzia Tandika na Yombo Vituka hadi Mbagala na Chamazi, ambao kwa sababu mbalimbali huamua kuacha njia za uzazi wa mpango zenye homoni. Mmoja amechoshwa na hedhi isiyotabirika, mwingine anasumbuliwa na maumivu ya kichwa, na mwingine anafuata mafundisho ya dini yake. Uamuzi huo ni haki yao. Hata hivyo, aghalabu tatizo hujitokeza katika kipindi cha kati, pale mama anapokuwa ameacha njia ya awali ilhali hajaishika sawasawa njia mpya. Mimba nyingi zisizotarajiwa huingia katika kipindi hicho. Makala haya yanaeleza namna ya kukivuka kwa usalama.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 38 ya wanawake walio katika ndoa nchini walikuwa wakitumia njia fulani ya kupanga uzazi. Asilimia 31 walitumia njia za kisasa na asilimia 7 njia za asili. Kwa hiyo njia za asili si jambo la wachache wa pembeni, nazo zinastahili kufundishwa kwa usahihi sawa na njia nyingine.

Uwezo wa kushika mimba hurudi lini?

Jibu hutegemea njia iliyoachwa. Kwa anayeacha vidonge au kutolewa kijiti, uwezo wa kushika mimba huweza kurudi mara moja, hata ndani ya mwezi uleule. Kwa aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu, mwili huchukua muda mrefu zaidi: kwa wastani, wanaotafuta mtoto hushika mimba takriban miezi 10 baada ya sindano ya mwisho. Lakini huo ni wastani tu. Wapo wanaoshika mimba mapema zaidi, mara tu muda wa sindano unapokwisha.

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Akina mama wengi husema, “Sijaona hedhi, basi siwezi kushika mimba.” Ukweli ni kwamba yai hutoka kabla ya hedhi, si baada yake. Mama anaweza kushika mimba kutokana na yai la kwanza kabisa linalotoka baada ya kuacha sindano, bila kuwa ameona hata tone la damu. Kutokuwepo kwa hedhi, peke yake, si kinga.

Msingi wa njia za asili

Katika kila mzunguko, yai moja hukomaa na kutoka, kwa kawaida takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Yai hilo huishi si zaidi ya saa 24, lakini mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo siku za hatari huanza kabla yai halijatoka. Njia zote za asili zina lengo moja, nalo ni kuzitambua siku hizo na kuepuka kujamiiana, au kutumia kondomu, mpaka zipite.

Njia ya kalenda. Mwanamke huandika urefu wa mizunguko yake kwa muda usiopungua miezi 6. Kisha hutoa 18 katika mzunguko mfupi kuliko yote, na 11 katika mzunguko mrefu kuliko yote. Mathalani, mzunguko mfupi ukiwa wa siku 27 na mrefu siku 31, atapata 9 na 20. Siku zake za hatari ni kuanzia siku ya 9 hadi ya 20, akihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi.

Njia ya shanga. Lugha ya shanga si ngeni kwa wanawake wa Pwani. Shanga za mzunguko ni 32: moja nyekundu kwa siku ya kwanza ya hedhi, za kahawia kwa siku salama, na nyeupe 12 kwa siku za hatari, yaani siku ya 8 hadi ya 19. Kila siku mpira mdogo husogezwa shanga moja mbele. Njia hii inamfaa tu mwanamke ambaye mizunguko yake ni ya siku 26 hadi 32. Ikitoka nje ya kiwango hicho zaidi ya mara moja kwa mwaka, atafute njia nyingine.

Njia ya ute. Yai linapokaribia kutoka, ute wa ukeni huwa mwingi, wenye kuteleza na kuvutika mithili ya ute wa yai bichi. Siku zenye ute ni siku za hatari. Maambukizi ya ukeni, kama vile fangasi, huvuruga dalili hii na yapasa kutibiwa kwanza.

Njia ya joto la mwili. Joto hupimwa kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Baada ya yai kutoka, joto hupanda kidogo, kiasi cha nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi, na siku salama huhesabiwa baada ya joto hilo kudumu siku tatu mfululizo. Homa ya malaria hupotosha kipimo. Vilevile mama anayedamka usiku kuwahi samaki Feri, au anayefanya kazi ya zamu, ataona ugumu kuitumia.

Kunyonyesha. Njia hii hufaa ikiwa masharti matatu yote yanatimia kwa pamoja: mtoto ana umri chini ya miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha.

Kumwaga nje. Njia hii ni ya kale. Hata katika fiqhi ya Kiislamu inajulikana kwa jina la azli. Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida, takriban wanawake 20 kati ya 100 wanaoitegemea hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Kwa njia ya shanga, idadi hiyo ni takriban 12, na hushuka hadi 5 kwa wanaoifuata bila kukosea.

Namna ya kuvuka kipindi cha kati

Kwanza, usiache njia ya zamani kabla ya kuzungumza na mtoa huduma. Kijiti kitolewe na mtaalamu aliyefunzwa. Kamwe usijitoe wala usitolewe mtaani. Kuomba kitolewe ni haki yako, hata muda wake ukiwa haujaisha.

Pili, tumia kondomu tangu siku unapoacha mpaka mizunguko yako itulie na uwe umeiandika. Kalenda haiwezi kutegemewa wakati mwili bado unatafuta mpangilio wake, na damu inayotoka mara baada ya kuacha vidonge si hedhi ya kuanzia hesabu. Asiyetaka homoni anaweza pia kuuliza kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni.

Tatu, mshirikishe mwenzi wako tangu mwanzo. Siku 12 za kujizuia kila mwezi haziwezi kubebwa na mtu mmoja. Akina baba wanakaribishwa kliniki. Asiyekubaliana na hesabu huivunja.

Nne, kumbuka kuwa njia za asili hazizuii Virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya ngono.

Nani asitegemee njia za asili pekee?

Mwanamke ambaye mimba inaweza kuhatarisha maisha yake, kwa mfano mwenye shinikizo kubwa la damu au ugonjwa wa moyo, ashauriane na daktari kuhusu njia yenye uhakika zaidi. Aliyejifungua karibuni naye akumbuke ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa kusubiri angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine, kwa afya yake na ya mtoto.

Fika kituoni mapema ukikosa hedhi kwa miezi mitatu baada ya kuacha vidonge, ukihisi dalili za ujauzito, ukitokwa na damu nyingi, au ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja.

Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, ikiwemo zahanati iliyo karibu nawe, Hospitali ya Mbagala Rangi Tatu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Njoo na daftari la tarehe zako, hata kama lina mwezi mmoja tu, na ikiwezekana njoo na mwenzi wako.