Macho Yatangulie Vidole

Mwanakwaya aliyekulia kwenye solfa, siku anapokaa mbele ya piano, hukutana na ugumu wa aina yake. Alizoea kufuata sauti moja tu. Mtu wa besi alisoma besi, ya alto hayakumhusu. Sasa anatakiwa asome sauti zote nne kwa pamoja, mbili kwa kila mkono, kwenye mistari mitano ya juu na mitano ya chini, huku waumini wameshasimama wanasubiri kuimba. Akikosea nota moja, wachache watagundua. Akisimama, wimbo umeharibika.

Kusoma nota papo hapo ni kazi tofauti na kujifunza wimbo. Anayejifunza wimbo ana ruhusa ya kusimama, kurudi nyuma, na kuanza na mkono mmoja. Walimu wengi huyapeleka mazoea hayohayo kwenye usomaji, na mimi naona hapo ndipo mwanafunzi anapopotezwa. Macho yaliyozoea kupita kwenye mistari mitano tu, siku ya kuunganisha mikono huanza upya kabisa. Afadhali mwanafunzi apewe mapema kipande chepesi mno, akisome kwa mikono miwili, kwa mwendo wa polepole usiokatika.

Kwanza macho yajifunze kupanda. Soma kutoka chini kwenda juu: besi, teno, alto, soprano, ndipo uhamie pigo linalofuata. Chukua wimbo ambao do yake ni C. Pigo la kwanza, besi ina do, teno so, alto mi, soprano do. Pigo la pili, besi inashuka hadi so ya chini, teno inabaki so, alto inashuka re, soprano inashuka ti. Anayetaja nota moja moja atahesabu mambo manane, na atachelewa. Msomaji mzoefu anaona mambo matatu: gumba la kushoto halitoki mahali pake, kidole kidogo cha kushoto kinashuka hadi mkono utanuke oktava nzima, na mkono wa kulia unahama na umbo lake vilevile, hatua moja chini. Ni kama msomaji wa gazeti, ambaye hatamki herufi moja moja bali anaona neno.

Kwa hiyo kinachosomwa hasa ni umbali kati ya nota na nota. Hapa mtu wa solfa ana mtaji mkubwa, kwa kuwa sikio lake linajua ti inavyotaka kupanda kwenda do. Kinachomkosesha ni jicho: herufi za solfa zimepangwa kwenye mstari ulionyooka, hazionyeshi kwa umbo lake sauti inapanda au inashuka kiasi gani. Mistari mitano inaonyesha.

Jambo la pili ni kuacha kutazama mikono. Piano kamili ina vibao 88, na vile vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu ili kidole kiweze kupapasa na kujua kiko wapi. C iko kushoto kwa kila jozi ya vyeusi viwili. Fumba macho uitafute C kwa kugusa, kisha F, kushoto kwa vile vitatu. Zoezi hili dogo linasaidia sana, maana kila jicho linaposhuka kwenye mkono, linaporudi halijui lilikuwa mstari gani.

Jambo la tatu ni macho kuvitangulia vidole. Mwanasaikolojia John Sloboda alipima jambo hili mwaka 1974. Aliondoa nota ghafla mbele ya wapigaji, akaona wameweza kuendelea kwa nota ngapi. Wasomaji wazuri walifikisha hadi nota saba hivi. Wale dhaifu walikuwa nazo chache zaidi. Mwalimu anaweza kulifundisha hilo kwa kipande cha karatasi: afunike kipimo kinachopigwa, ili jicho lilazimike kwenda mbele.

Na mzigo ukizidi? Punguza sauti, usipunguze mwendo. Acha teno na alto, shika besi na soprano. Waumini wanahitaji njia ya wimbo na msingi wake. Zile za katikati kwaya inazo.

Katika mitihani ya vitendo ya piano ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki, ambayo hufanywa Kenya pia, usomaji wa papo hapo una alama 21 kati ya 150, na mtahiniwa hupewa nusu dakika ya kukitazama kipande. Nusu dakika hiyo itumike kutazama shapu na flati, hesabu ya mapigo, na mahali mkono unaporuka.

Kwa vipande vya kuanzia, juzuu ya kwanza ya Mikrokosmos ya Béla Bartók inafaa sana: katika vipande vya mwanzo mikono yote miwili inapiga nota zilezile, ikiachana oktava. Baada ya hapo fungua kitabu cha nyimbo za kanisa chenye nota, soma wimbo mpya kila siku, mara mbili tu, kisha usonge mbele. Ukiurudia mara ya kumi vidole vimeshaukariri, na macho hayasomi tena.