Vidole vya Mtoto Mwenye Plasta

Mtoto mdogo akianguka hutanguliza kiganja. Ndiyo maana mifupa inayoumia zaidi ni miwili ya kigasha, karibu na kifundo, au ule wa juu kidogo ya kiwiko. Mfupa wa umri huo mara nyingi haukatiki kabisa. Hupinda na kupasuka upande mmoja, kama kijiti kibichi. Huunga upesi pia, kwa kawaida ndani ya wiki tatu hadi sita.

Plasta inayoushika mkono wakati huo ni bendeji yenye unga wa jasi, ambayo ikiloweshwa huganda ikawa ngumu. Ilibuniwa na Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Huwa ngumu kwa dakika chache, lakini kukauka hadi ndani kwaweza kuchukua siku mbili au tatu. Kabla ya hapo haishikwi kwa ncha za vidole wala kuegemezwa kwenye ukingo wa kitanda, kwani inabonyea, na palipobonyea patachimba ngozi. Iachwe wazi juu ya mto. Hewa kavu ya Isiolo, nchini Kenya, inatosha kuikausha; jiko halihitajiki.

Kazi kubwa ya mlezi iko katika siku hizo hizo za mwanzo. Mkono uliovunjika huvimba, na plasta haitanuki. Uvimbe ukikosa nafasi, damu hushindwa kufika kwenye misuli, nayo huanza kufa ndani ya saa chache. Richard von Volkmann wa Ujerumani alieleza matokeo yake mwaka 1881: vidole vilivyokunjamana daima. Kwa hiyo mkono huinuliwa juu ya usawa wa moyo, juu ya mito mtoto akilala na kwa leso shingoni akitembea, na vidole hukaguliwa mara kwa mara, usiku pia. Ukucha ukibonywa hupauka, kisha rangi yake yapasa kurudi kwa sekunde mbili hivi. Vidole viwe na joto na vichezeke. Mtoto asiyejua kusema atalia, na anayezidi kulia hata baada ya dawa ya maumivu, au anayepiga mayowe kidole kikinyooshwa taratibu, hangoji asubuhi. Hospitalini plasta itapasuliwa ili mkono upumue.

Hapo umbali unakuwa sehemu ya matibabu. Kaunti ya Isiolo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na anayetoka Merti au Garbatulla kutibiwa mjini ana safari ndefu ya kurudi. Familia yenye jamaa mjini ingefanya busara kulala huko siku mbili za kwanza. Nauli ya kurudi kliniki itengwe mapema pia, kwa sababu mfupa ulionyooshwa unaweza kuteleza ndani ya plasta bila dalili, na picha ya eksirei ya wiki ya kwanza au ya pili ndiyo huugundua. Wako wanaoifungua plasta nyumbani na kumpeleka mtoto kwa mwunga mifupa wa kijijini. Vijiti vilivyokazwa kwa kamba hubana vilevile, pengine kushinda plasta.

Siku zikisonga, adui ni maji, mchanga na mwasho. Mtoto huogeshwa kwa kitambaa chenye maji, mkono ukiwa nje ya beseni. Mfuko wa plastiki huzuia matone tu. Mwasho haukunwi kwa kijiko wala waya, kwani kidonda ndani ya plasta hakionekani mpaka kinuke. Kupunga upepo kwenye ukingo wake husaidia. Shati huanzia mkono mgonjwa likivaliwa, na huishia hapo likivuliwa. Mshono wa bega ukifumuliwa, kazi inakuwa rahisi zaidi.

Siku ya kuiondoa, msumeno huogopesha kwa kelele. Meno yake hutetema badala ya kuzunguka, kwa hiyo hukata kigumu na kuiacha ngozi. Mkono hutoka umekonda, una magamba, kiwiko kimekaza. Haufai kukandwa wala kuvutwa kwa nguvu: kiwiko kilichovunjika kikilazimishwa kinaweza kuota mfupa ndani ya misuli. Kucheza kwenyewe kutakilainisha. Kupanda miti na punda kungoje wiki kadhaa zaidi, kwa kuwa mfupa mpya unaweza kuvunjika tena palepale.