Arubuni Ndiyo Inayofunga Mlango

Mnunuzi wa gari mjini Babati akighairi, swali lake la kwanza huwa ni siku ngapi sheria inampa za kulirudisha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimpi hata moja. Gari zima, lililo kama lilivyoelezwa, halirudishwi kwa sababu tu mnunuzi amejuta. Lakini sheria hiyohiyo inasema mauzo ya bidhaa ya kuanzia shilingi 200 hayadaiwi mahakamani mpaka kuwe na maandishi, au mnunuzi awe amepokea bidhaa, au ametoa arubuni ama sehemu ya bei. Kiwango hicho ni cha zamani mno, kwa hiyo kinagusa kila gari. Maana yake ni kubwa: mazungumzo ya yadini, hata yakiisha kwa kupeana mikono, hayajamfunga mtu; laki tano za "kushikia gari" zimemfunga. Wengi wanaamini kinyume chake, kwamba arubuni ni fedha ndogo ya kununulia muda wa kufikiri. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Katika mji huu, fedha ya gari mara nyingi inatoka shambani, na shamba halina mshahara. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi kutoka nje, na bei ikaanguka kwa wakulima wa Manyara waliolima kwa kutegemea soko hilo. Aliyetanguliza arubuni kwa kutegemea mauzo kama hayo hawezi kuiambia mahakama kwamba mkataba umekufa kwa sababu mbaazi zimeshuka. Hata hivyo, hajapoteza kila kitu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humlipa muuzaji fidia ya haki kwa kuvunjiwa mkataba, na adhabu iliyoandikwa huwa ukomo wa juu tu. Chukua gari la milioni 30 lililotangulizwa milioni 3. Yadi ikiliuza wiki inayofuata kwa milioni 29 na nusu, hasara yake ni laki tano na gharama za kulitangaza upya, si milioni 3 nzima. Ila soma risiti: mahakama hutofautisha sehemu ya bei na fedha iliyowekwa kama dhamana ya kutimiza ahadi, na hii ya pili yaweza kubaki kwa muuzaji. Neno moja kwenye risiti lina thamani ya mamilioni.

Muuzaji atasema, na ana haki, kwamba gari likishikiliwa amefukuza wateja wengine. Basi alipwe kwa hilo, kiasi kinachojulikana. Sharti la namna hii linatosha: "Mnunuzi akijitoa ndani ya siku saba, kabla ya umiliki kuhamishwa, muuzaji atabakiza laki mbili na kurejesha zilizosalia." Wapo watakaosema hakuna yadi itakayokubali. Yadi inayotaka kuuza husikiliza wakati fedha ingali mfukoni mwa mteja. Ikishalipwa, haina sababu ya kusikiliza. Na inayokataa katakata kuandika chochote imekwisha kukuonyesha itakavyokupokea ukirudi na malalamiko.

Kadi ya gari ikishaandikwa jina lako kwenye Mamlaka ya Mapato (TRA), hesabu inageuka kabisa. Gari jipya limepata namba, na soko letu hupanga bei kwa herufi za namba. Atakayelinunua kwako ni mmiliki wa pili na atadai punguzo lake. Kutoka hapo ni kuuza, si kughairi. Kama kuna mkopo, rejesho liendelee kulipwa mpaka apatikane mnunuzi wa kumalizia deni benki. Aliyedanganywa kuhusu kilomita au ajali yuko pazuri zaidi, kwa kuwa mkataba wa udanganyifu anaweza kuukataa. Lakini atoe taarifa kwa maandishi mara moja na aache kuliendesha, maana anayeendelea kulitumia ameonyesha kulikubali. Na kama yadi iko Arusha, kutoka huko hadi Babati ni zaidi ya kilomita 160, safari ndefu ya kugundulia kasoro. Nenda na fundi wako yadini, wewe na muuzaji mweke sharti la kujitoa kwenye karatasi, msaini wote wawili, ndipo utoe shilingi ya kwanza.