Kompyuta Inapiga Muziki Lakini Spika Ni Kimya

Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina kompyuta, na kazi yake si kuweka hesabu tu. Siku ya harambee au harusi ndiyo inapiga muziki, na siku ya mafunzo ndiyo inaonyesha filamu za kilimo. Sasa hutokea hivi: wimbo unaonekana ukienda kwenye skrini, dakika zinahesabika, lakini spika haitoi hata mkwaruzo. Wageni wanangoja, aliyekodi vyombo anaanza kudai pesa zake, na mtu mmoja anasema ati spika imeungua, tununue ingine. Hebu ngojeni kwanza. Mara nyingi spika ni nzima, ila sauti imepelekwa kwingine.

Kompyuta haina mlango mmoja wa sauti. Ina spika zake ndogo za ndani, tundu la hedifoni, waya wa HDMI unaoenda kwa projekta au televisheni, na tena Bluetooth isiyotumia waya. Ni kama mifereji shambani: maji ukiyafungulia huku, kule kunakauka. Ukichomeka kitu kipya, Windows yaweza kuhamisha sauti bila kukuuliza. Ndiyo maana projekta ikiunganishwa kwa HDMI, sauti hukimbilia huko, na pengine projekta yenyewe haina spika. Bluetooth ndiyo yenye vituko zaidi. Spika iliyoachwa chumba cha pili ikiwa imewashwa yaweza kuwa ndiyo inaimba peke yake!

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua simu yenye tundu la hedifoni, uchomeke waya ule ule wa spika na upige wimbo. Ikisikika, basi spika na waya hazina neno. Jaribio hili halina gharama, na limuulizeni mwenzenu yeyote anayetaka mweka hazina atoe pesa za spika mpya.

Sasa tazama pembe ya chini, mkono wa kulia wa skrini. Kuna picha ndogo ya spika. Ibonyeze. Kwa Windows 10 utaona mshale juu ya mstari wa sauti. Kwa Windows 11 ni kijipicha kilicho mwishoni mwa mstari huo. Ukikibonyeza yatatokea majina ya milango yote. Chagua ule uliochomeka spika yako. Ukiibonyeza picha hiyo hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, utapata njia ya kuona sauti ya kila programu peke yake, maana kuna wakati programu ya muziki imeteremshwa mpaka sufuri na nyingine zote ziko juu.

Kama bado, shida iko ndani ya programu yenyewe. Tuchukue VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Ilianzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa mwaka 1996, na ni ya bure, kwa hivyo msikubali mtu awauzie. Kwanza bonyeza herufi M, kwa sababu hiyo huzima na kuwasha sauti, na watoto huigusa bila kujua. Kisha fungua neno "Audio" juu, halafu "Audio Device", uchague mlango unaoutaka. Ikikataa, bonyeza Ctrl na P pamoja, ufungue sehemu ya sauti, uone kama kile kisanduku cha juu cha kuruhusu sauti kina alama. Penye "Output module" rudisha "Automatic". Mtu akiwa amechagua neno lenye "File", sauti haiendi kwa spika, inaandikwa kwenye faili. Hifadhi, funga VLC, uifungue tena.

VLC hupandisha sauti mpaka asilimia 125, lakini ukipita 100 muziki huanza kukwaruza. Afadhali uongeze kwenye amplifaya.

Na kama spika za ndani zinalia, simu nayo inalia kwenye spika kubwa, lakini tundu la hedifoni la kompyuta ni kimya kwa kila waya, huenda tundu ndilo limekufa. Hapo kuna kifaa kidogo cha sauti cha kuchomeka kwa USB. Windows itakionyesha kama mlango mpya, nawe utauchagua vile vile.