Je, Wajua? Bingwa wa Kugawa Mtaji Alivyogawa Akiba Yake

Je, wajua kwamba mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel kwa kukokotoa namna bora ya kugawa mtaji hakuitumia hesabu hiyo kwenye akiba yake mwenyewe? Harry Markowitz alikuwa na miaka 24 tu makala yake ilipochapishwa mwaka 1952. Alionyesha kwamba haitoshi kupima kila hisa peke yake. Tazama pia kama zinapanda na kushuka pamoja, maana ukichanganya zisizofuatana, hatari ya jumla hupungua. Tuzo ilimfikia mwaka 1990. Lakini akiba yake ya uzeeni aliigawa nusu kwa nusu, hisa na hatifungani, basi. Alieleza kwamba alitaka kuepuka majuto: hisa zipande sana yeye hana, au zianguke sana yeye kaweka zote humo. Naiheshimu sana hatua hiyo. Kabla ya kuuliza kampuni gani inalipa gawio nono, mwekezaji ajiulize ni hasara kiasi gani anaweza kuivumilia bila kuuza kwa hofu.

Wajua pia kwamba kuwa na kampuni nyingi kunaweza kukudanganya? Mwenye hisa za CRDB, NMB na DCB katika Soko la Hisa la Dar es Salaam anamiliki kampuni tatu, ila zote ni benki. Wakopaji wakishindwa kulipa nchi nzima, zitaumia kwa pamoja. Asiye na muda wa kuchagua hisa anaweza kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Umoja wa Tanzania ulioanza mwaka 2005, na wataalamu wakamgawia.

La kuogopesha zaidi ni kuweka akiba kwa mwajiri wako. Mwishoni mwa mwaka 2000, chini ya mwaka mmoja kabla kampuni ya Enron ya Marekani haijafilisika Desemba 2001, zaidi ya nusu ya fedha katika mpango wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wake zilikuwa kwenye hisa za Enron yenyewe. Maelfu walipoteza mshahara na akiba kwa mkupuo.

Na muda nao hugawanywa. Faharisi ya Nikkei ya Japani ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, ikaporomoka, na haikukivuka tena hadi Februari 2024, miaka 34 baadaye. Lakini aliyekuwa akinunua kidogo kidogo miaka yote hiyo alikuta pia bei za Machi 2009, na hisa alizonunua mwezi huo zilikuwa zimepanda zaidi ya mara nne kilele kilipovukwa.