Maneno ya Kiingereza ya Mambo Yaharibikayo Ghafula

Lori la chama cha ushirika, limejaa magunia ya kahawa, lazimika njiani kwa sababu ukanda wa feni umekatika. Karani wa chama, akitaka kumwarifu meneja wa kiwanda upesi, aandika kwa Kiingereza kwamba lori 'has crashed'. Kabla ya adhuhuri habari imekwisha kuenea. Nyumbani kwa dereva watu wamekusanyika, na mke wa utingo analia. Jioni dereva atokea akiwa mzima, mikono imejaa grisi, auliza kuna msiba gani.

Neno alilolitafuta karani ni 'broken down'. Kwa Kiswahili hakuna mtu awezaye kukosea hapa, kwa maana lori lililoharibika si lori lililopata ajali. Lakini Kiingereza kina maneno mengi ya kuvunjika na kuanguka, na mtu aliyejifunza lugha hiyo kwa kamusi huyaona kuwa ni ndugu wa baba mmoja. Sivyo. Kila moja lina picha yake, na mara nyingi lina lawama yake.

'Break down' ni la mashine, au la mtu aliyezidiwa na huzuni akatoa machozi. Kinachoelezwa nalo chaweza kutengenezwa. 'Collapse' ni la kitu kilichokuwa kimesimama: nyumba, daraja, au mzee aliyezirai barazani. 'Crash' lina mshindo ndani yake, nalo hutaka kasi. Ndiyo sababu Waingereza na Wamarekani walilitumia kwa mambo ya soko la hisa la New York, mwezi wa Oktoba, 1929. Kwa siku mbili tu, tarehe 28 na 29, bei za hisa kubwa zilipoteza karibu robo ya thamani yake. Katika miaka iliyofuata bei za mahindi na kahawa zilishuka hata huku Kenya, kwa watu ambao hawajapata kuona cheti cha hisa. Lakini bei ya kahawa ikipungua kidogo kidogo kwa misimu mitatu, hiyo si 'crash'. Mkulima ataumia vile vile, ila neno lake ni 'decline'.

Liko neno moja ambalo karani hana budi kuliogopa kuliko yote, nalo ni 'bankrupt'. Asili yake ni Kiitalia, 'banca rotta', yaani benchi lililovunjika, kwa kuwa wabadili fedha wa zamani walifanya kazi yao juu ya benchi au meza. Kiswahili chetu kilichukua njia nyingine: kufilisika na muflisi yametoka katika Kiarabu, nayo yana ukoo mmoja na fulusi, yaani zile sarafu ndogo za shaba. Muflisi ni mtu ambaye fedha yake imekwisha, zimebaki shaba tupu. Picha hizo mbili zapendeza, lakini katika Kiingereza jambo hili ni la sheria. Mtu huwa 'bankrupt' baada ya hukumu au amri rasmi, na katika sheria ya Kiingereza neno hilo ni la mtu binafsi, si la kampuni. Mwandishi wa chama akiandika kwamba chama ni 'bankrupt', hali kimepungukiwa na fedha za mwezi mmoja tu huku kikingoja malipo ya mazao, asishangae akiona wenye kukidai wamepanga mstari mlangoni. Na wanachama nao watapeleka maziwa yao kwingine. Chama kilichokuwa kizima chaweza kuuawa kwa barua.

'Debacle' ni la Kifaransa. Katika nchi za baridi mito huganda juu wakati wa kipupwe, na joto lirudipo barafu hupasuka ghafula na kuchukuliwa na maji kwa kishindo. Hapo ndipo lilipotoka jina. Lafaa kwa jeshi linalovunjika na kutawanyika, kama la Ufaransa lilipozingirwa Sedan mwaka 1870, Mfalme Napoleon wa Tatu mwenyewe akachukuliwa mateka. Mkutano uliochelewa kwa saa moja haustahili neno kubwa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye 'disaster' na 'fiasco', ambayo huchanganywa sana. La kwanza maana yake ya asili ni nyota mbaya, na wazee wetu wangelielewa bila mwalimu. Mafuriko yakichukua mahindi ya kata nzima, hiyo ni 'disaster'. Bali wageni mia wakialikwa arusini, wakafika, na ng'ombe bado yu hai malishoni, hiyo ni 'fiasco'. Tofauti ni kwamba la pili lina mtazamaji, na mtazamaji huyo anacheka. Kwa Kiitalia 'fiasco' ni chupa tu. Watu wa michezo ya jukwaani ndio walioligeuza kuwa neno la aibu. Verdi, mtunzi mashuhuri wa muziki, alilitumia kwa kazi yake mwenyewe, La traviata, ilipochezwa Venice mara ya kwanza mwezi wa Machi, 1853. Mwaka uliofuata ikachezwa tena mji ule ule, ikashangiliwa.

Afrika ya Mashariki inalo deni lake katika neno hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima njugu katika Tanganyika. Kongwa mvua ilikuwa haba, na wakati wa kiangazi udongo ulikauka ukawa kama saruji. Matrekta yaliharibika moja baada ya jingine. Januari 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Tangu hapo Mwingereza akitaja njugu za Tanganyika, neno 'fiasco' hufuata karibu.

Je, ni neno la haki? Kwa wakubwa walioamua London, pengine ndilo. Waswahili wangesema mpango ulikwenda arijojo, kama tiara iliyokatika uzi. Lakini vibarua walioacha mashamba yao kwenda Kongwa, kisha wakarudi bila kazi, hawakuwa na cha kucheka. Wala neno hilo halisemi kitu juu ya bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya njugu ambazo hazikuja. Gati lake limesimama, na meli hupakia korosho pale.